UZI: Vifaranga wa beta na gurami (samaki wadogo wa tangini) wanaisha wiki ya kwanza. Chakula hai kinachotakiwa kiwe tayari kabla mayai hayajatagwa

kiota_cha_mapovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali la vifaranga wa beta kufa wote ndani ya wiki ya kwanza linarudi kila mara, na majibu ni yale yale: fangasi, maji machafu, joto. Mara nyingi ni njaa tu.

Kifaranga wa beta akianguliwa ana urefu wa milimita 2 na nusu hivi, haifiki 3. Siku mbili tatu za mwanzo ananing'inia wima chini ya kiota cha mapovu alichojenga dume juu ya maji, akiishi kwa kifuko chake cha kiini. Usimpe kitu siku hizo, utachafua maji bure. Siku anapoanza kuogelea akiwa amelala sawasawa kama samaki mkubwa, kiini kimekwisha na saa imeanza kuhesabu. Akikosa chakula siku chache hapo, hata ukikileta baadaye hana nguvu ya kukifukuza.

Chakula cha unga, hata usage vipi, hakitembei. Kifaranga huyu anawinda kwa macho: kisichojongea kwake si chakula. Kwa hiyo tunarudi kwenye vipimo. Milimita 1 ni mikroni 1000. Paramesia (kiumbe wa seli moja wa majini) ana urefu wa mikroni 200 hadi 300 na upana wa kama 50. Mnyoo wa siki anafika milimita 2 lakini unene ni mikroni 50 tu, anaingia kama tambi. Atemia (kijidudu cha maji ya chumvi, jamii ya kamba) aliyetotolewa leo ni mikroni 400 hadi 500. Beta wakubwa wa kundi wanamweza atemia mapema, wale wadogo hawamwezi, na gurami kibete (Trichogaster lalius) hamwezi kabisa wiki ya kwanza.

Muda wa kuandaa ndio unaowaangusha wengi. Minyoo ya siki inataka wiki 4 kabla, paramesia wiki 2, maikrowomu (minyoo midogo inayofugwa kwenye uji) wiki 1, atemia siku moja na nusu. Dume akishajenga kiota ndipo ukakimbilia kutafuta mbegu (viumbe hai wa kuanzishia chupa), umechelewa.

Naanza na paramesia, wengine watajazia.

Chemsha lita 1 ya maji yasiyo na klorini pamoja na punje 20 za ngano kwa dakika 10. Yakipoa mimina yote, na ngano yake, kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Weka hamira kidogo sana, chembe chache za kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Ongeza mbegu mililita 50 hadi 100. Funika kwa kitambaa, weka kivulini penye nyuzi joto 24 hadi 28. Siku ya pili na ya tatu maji yanakuwa kama ya kuoshea mchele: hao ni bakteria. Kisha yanaanza kung'aa kutoka juu, maana paramesia wanawala bakteria. Siku ya 5 hadi ya 7 weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa, mulika tochi kwa ubavu: utaona vumbi jeupe linalotembea kila upande. Vumbi linaloshuka tu si paramesia, ni uchafu.

mdau_wa_sponji

Mkuu umeruka sehemu ngumu: mbegu inatoka wapi? Wengi hawana wa kumwomba.

Minya sponji ya filta iliyokaa miezi kwenye tangi, au suuza mosi (zile nyuzi za kijani) kwenye kikombe. Maji hayo yana kila kitu, paramesia wakiwemo, na ndiyo tunaita infusoria: mchanganyiko. Unaweza kulishia hivyo hivyo, ila mavuno hayatabiriki, leo wengi kesho hakuna. Ukitaka paramesia peke yao, mwenye lenzi ya mara 10 achukue tone kwenye kioo, avute kwa sindano yale matone yenye viatu vinavyoogelea kwa kuzunguka (umbo lao ni la soli ya kiatu), ahamishe kwenye maji mapya ya ngano. Rudia mara mbili tatu. Maabara ya baiolojia ya sekondari yoyote ina hadubini, na mwalimu akiombwa vizuri hakatai.

Kuhusu ganda la ndizi lililokauka, majani ya letasi au nyasi kavu badala ya ngano: yanafanya kazi. Kosa ni wingi. Ganda la ndizi moja kwa lita 10 linatosha. Likinuka yai viza, hewa imekwisha ndani, kimefanyika kinamasi; mwaga, anza upya kwa chakula nusu.

mama_wa_gapi

Na jamani FUNIKENI. Ndoo ya infusoria iliyo wazi uani ni kiwanda cha mbu. Yule mbu wa dengi anapenda hasa vyombo vidogo kama hivyo. Kipande cha chandarua chenye raba kimefungwa mdomoni, hewa inapita, mbu hapiti. Ukikuta viluwiluwi tayari wameingia, samaki wakubwa kwenye tangi watakushukuru, lakini usimimine maji hayo kwa vifaranga: kiluwiluwi mkubwa kwa kifaranga wa siku tatu ni tembo anapita jikoni.

kiota_cha_mapovu

Ahsante dada. Sasa kuvuna, maana ukimimina maji ya ngano moja kwa moja tangini umepeleka bakteria na uozo pamoja na chakula.

Chukua chupa ya soda ya kioo, ile yenye shingo ndefu. Jaza maji ya paramesia hadi mwanzo wa shingo. Sukuma pamba shingoni mpaka iguse maji hayo, isiwe ngumu sana. Juu ya pamba mimina polepole maji safi ya tangi hadi karibu na mdomo. Chini hewa inapungua, paramesia wanapanda kupita kwenye pamba kufuata oksijeni, uchafu unabaki. Baada ya saa kadhaa, au ukiacha usiku kucha, vuta maji ya juu kwa bomba la sindano. Hayo ndiyo ya kulishia.

Maji ya chupa mama yakishang'aa kabisa na paramesia wamepungua, tone moja au mawili ya maziwa kwa lita yanawarudisha. Usizidishe. Na anzisha chupa mpya kila wiki 2 au 3, huku ukibaki na mbili kila wakati, moja ikiharibika nyingine ipo.

siki_na_tofaa

Kwa mtu asiye na muda wa kulea chupa, minyoo ya siki (Turbatrix aceti) haina mpinzani. Siki ya tofaa nusu, maji nusu, vipande viwili vya tofaa, mbegu, kitambaa mdomoni. Basi. Unaisahau kabatini miezi 6 na inakaa hai. Wiki ya 4 ukimulika unaona maji yanachemka kwa nyuzinyuzi.

Siki nyeupe ya dukani ya asidi tupu inadanganya. Mnyoo hali siki, anakula vijidudu vinavyokula tofaa. Ukilazimika kuitumia, ongeza tofaa na mbegu nyingi, na usitarajie haraka.

Kuvuna ni chupa ile ile ya shingo ndefu na pamba, ila hapa subiri saa 12 hadi 24. Faida yake kubwa: wanaogelea katikati na juu ya maji, ambako vifaranga wa beta na gurami wako, na wanakaa hai siku kadhaa ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi. Ukienda kazini asubuhi, chakula kinawasubiri mpaka jioni.

Hasara: havinenepeshi. Ni daraja la kukuvusha wiki moja, si chakula cha mwezi.

ugali_moto

Maikrowomu je? Na oti ni ghali huku, ugali unafaa?

mdau_wa_sponji

Unafaa, ila usiwe ugali, uwe uji mzito. Ukiukaza unakauka juu na minyoo haipandi. Oti inashikilia maji vizuri zaidi na haichachi haraka, ndiyo sababu inasifiwa. Pika, poza, tandaza unene wa sentimita 1 kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, nyunyiza hamira kidogo juu, weka kijiko cha mbegu katikati. Toboa kifuniko kwa pini, ndani bandika kitambaa. Siku ya 3 hadi ya 5 inapanda ukutani. Unapangusa kwa kidole, unasuuza kidole kwenye kikombe cha maji, unalisha.

Ukungu ukiota juu, uliweka mbegu kidogo mno. Uji ukigeuka maji na harufu ya asetoni, umefika mwisho, kawaida wiki ya 2 au ya 3. Hamisha kijiko kwenye kopo jipya kabla ya hapo. Sisimizi wanaipenda kuliko sukari, kwa hiyo kopo likae juu ya kikombe kilichopinduliwa ndani ya sahani ya maji.

siki_na_tofaa

Maikrowomu kwa beta siungi mkono. Beta wanaokosa mapezi ya tumboni wanatokana na hayo.

mdau_wa_sponji

Hilo linasemwa sana, halijathibitishwa, kaka. Angalia jambo lenyewe linavyokwenda: maikrowomu wanazama. Vifaranga wanawafuata chini, wanakaa juu ya mabaki, na tangi la vifaranga ndilo linalosafishwa kidogo kuliko yote kwa hofu ya kuwanyonya na mpira. Mapezi ya tumboni ndiyo yanayogusa uchafu huo. Pili, mwenye kulisha maikrowomu pekee kwa wiki 4 analisha chakula kimoja chenye upungufu. Kati ya uchafu na lishe duni, mnyoo mwenyewe ni wa mwisho kushukiwa. Wape kidogo, wamalize, changanya na atemia, safisha sakafu.

siki_na_tofaa

Sawa, ila kama kuna kinachoelea na kinachozama, kwa samaki wa juu nitachagua kinachoelea.

mdau_wa_sponji

Hapo hatubishani. Kwa kambare wa kwenye tangi, wale korido wa sakafuni, geuza jibu.

chumvi_ya_pwani

Tuje kwenye atemia, maana ndiyo inayokuza. Haya mengine yote ni ya kusubiria.

Chupa ya maji ya lita 1.5, kata kitako, pindua, toboa kifuniko upitishe mpira wa hewa na uzibe kwa gundi. Jaza lita 1 ya maji yenye chumvi gramu 25. Aliye pwani asipoteze chumvi: Bahari ya Hindi ina kama gramu 35 kwa lita, hivyo vikombe viwili vya maji ya bahari na kimoja cha maji ya bomba yaliyotolewa klorini vinakupa 23, inatosha. Weka gramu moja ya mayai, isizidi 2. Gramu moja ina mayai laki mbili hadi tatu, kwa kundi la beta hata nusu gramu ni karamu. Hewa ipige kwa nguvu, mapovu makubwa bila jiwe, ili mayai yasitue. Taa iwake karibu saa za mwanzo, mwanga ndio unaoamsha yai. Nyuzi joto 26 hadi 28 yanatotolewa ndani ya saa 18 hadi 24. Nairobi, Arusha au Mbeya usiku ukishuka hadi 14, yanaenda saa 36 au zaidi na yanatoka kwa mafungu. Simamisha chupa ndani ya ndoo ya maji yenye hita ya tangi.

Wakati wa kuvuna zima hewa, funika juu kwa kitambaa cheusi, mulika chini dakika 10. Maganda yanapanda, yasiyototolewa yanakaa kwenye kifuniko kabisa, atemia wanajikusanya juu yake kidogo, rangi ya chungwa. Fungua mpira, mwaga matone ya kwanza, pokea chungwa kwenye chujio, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Usizidishe dakika 15 bila hewa, wamejaa mno hapo chini, watakufa.

Na walishe mapema. Atemia mpya hali kitu, anaishi kwa akiba yake. Baada ya kama saa 8 anajivua ganda la kwanza, ameshachoma sehemu kubwa ya mafuta na amekuwa mkubwa na mwepesi wa kukimbia. Ukichelewa unalisha maganda matupu yenye miguu. Ndiyo maana watu wana chupa mbili zinazopishana saa 12.

ugali_moto

Mayai yanatotolewa robo tu. Maji yetu ni ya mvua. Naweza kuweka magadi?

chumvi_ya_pwani

Umegusa penyewe, ila si magadi. Atemia anataka pH ya 8 hadi 8.5. Maji ya mvua hayana kinga, hewa ikipiga pH inashuka chini ya 7. Magadi yanaipandisha karibu na 10, na ya kwetu mara nyingi yana floridi juu yake. Tumia soda ya kuokea ya kawaida, nusu kijiko cha chai kwa lita. Haipandishi zaidi ya 8 na kidogo hata mkono ukiteleza.

Cha pili cha kuangalia ni unyevu. Mayai makavu yana maji asilimia 2 hadi 5. Kopo likifunguliwa Tanga au Mombasa na kuachwa, yanavuta unyevu, na yakivuka asilimia 10 yanaanza kuamka bila maji ya kutosha kutotolewa, yanajichosha, yanakufa ndani ya ganda. Siku unapofungua gawanya kwenye vichupa vidogo vyenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu), vingine vyote friza, kimoja cha matumizi. Kabla ya kulaumu maji, pima: mayai 100 yaliyohesabiwa kwa lenzi kwenye kikombe, kesho hesabu wanaoogelea.

tangi_kisimani

Umeme ukikatika usiku je? Na hilo chujio mnanunua wapi, madukani sioni.

chumvi_ya_pwani

Umeme: trei pana, maji ya chumvi kina cha sentimita 2, nyunyiza mayai tabaka moja jembamba. Hewa ya juu inatosha bila pampu. Yanatotolewa machache kidogo na maganda ni mengi, lakini ukifunika nusu ya trei na kumulika nusu nyingine, wanakuja wenyewe kwenye mwanga.

Chujio: nenda kwa wachapaji wa fulana. Kitambaa chao cha skrini kinauzwa kwa idadi ya nyuzi kwa sentimita. Gawanya 10,000 kwa idadi hiyo, toa unene wa uzi, unapata tundu kwa mikroni. Nyuzi 55 zenye unene wa mikroni 64: 10,000 gawanya kwa 55 ni 182, toa 64, tundu ni kama 118. Hicho ni chujio cha atemia. Nyuzi 120 zina tundu la kama 50, hicho cha rotifa (vijidudu vya majini vidogo kuliko atemia). Kipande cha kiganja bandika kwenye bomba la PVC la inchi 2, maisha yako yote.

mwambao_aqua

Kwa wa Kenya: mayai si lazima yatoke Marekani. Atemia alipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni, miaka ya 1980, na yupo hadi leo. Yanayotoka kwa mvunaji moja kwa moja huwa na mchanga na maganda. Yaoshe kwenye maji ya chumvi nyingi sana, mazuri yanaelea na mchanga unazama, kisha kwenye maji baridi, mazuri yanazama na maganda matupu yanaelea. Yakaushe kivulini upesi, yasikae yamelowa.

mama_wa_gapi

Swali la wanaofuga gapi litakuja, nalijibu kabisa: gapi anazaliwa na milimita 6 hadi 8, anakula atemia siku hiyo hiyo na hata unga. Msihangaike na paramesia. Vilevile sikilidi wa Tanganyika na Malawi wanaoatamia mdomoni, watoto wanatoka wakubwa. Uzi huu ni wa beta, gurami, tetra na ndugu zao.

tangi_kisimani

Kiini cha yai la kuchemsha? Wazee wa mabwawa wanatumia.

mdau_wa_sponji

Bwawani maji ni mengi na yamejaa viumbe hai tayari, kiini ni nyongeza. Kwenye tangi la lita 10 kiasi cha punje ya harage kinaoza usiku mmoja na kuua kundi zima kwa amonia. Kama hakuna kingine kabisa: kamulia kiini kidogo kwenye kitambaa ndani ya kikombe cha maji, matone mawili matatu tu kwa mlo, badilisha robo ya maji jioni. Ni dharura, si mpango.

kiota_cha_mapovu

Kiasi cha kulisha, kwa sababu nimeona watu wanauliza mililita. Mililita hazisemi kitu, chupa hazilingani. Mulika tochi: kila kifaranga awe na vumbi linalotembea karibu naye, na saa mbili baadaye bado lionekane. Likiwa limekwisha, ongeza. Kwa atemia tazama tumbo: ndani ya dakika 15 liwe la chungwa. Tumbo halijageuka, bado mdomo mdogo, rudi kwenye paramesia, kesho ujaribu atemia tena. Milo mitatu kwa siku, taa hafifu iachwe usiku siku za kwanza. Toa asilimia 10 hadi 20 ya maji kila siku kwa mpira wa hewa wenye kipande cha sponji mdomoni, rudisha kwa matone.

Ukianza kuona vijimti vyeupe au vya kijani vyenye mikono vimeganda kwenye kioo, ni hidra. Anashiba atemia wako na anakamata vifaranga. Dalili ya kwamba unalisha kupita kiasi.

tangi_kisimani

Moina (viroboto maji) kutoka dimbwini, nimeona maji mekundu kabisa. Niwatumie?

chumvi_ya_pwani

Wekundu ni damu yao, wanaitengeneza oksijeni ikipungua, hivyo hapo wako wengi kweli. Watoto wa moina wanalingana na atemia, na hawafi kwenye maji yasiyo na chumvi. Ni chakula bora baada ya wiki ya kwanza. Lakini usiwapeleke moja kwa moja. Dimbwi lina mabuu ya kereng'ende, na saiklopsi (vijidudu vya majini jamii ya kamba) wanaobeba minyoo ya utumbo ya samaki. Na kuna kichocho: vaa glavu, chuja konokono wote, acha maji siku mbili kamili kabla ya kuyashika, maana kiluwiluwi cha kichocho nje ya konokono hakivuki saa 48.

Chagua moina 20 kwa sindano, suuza mara tatu, weka kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya kijani (yaliyojaa mwani) au nusu gramu ya hamira iliyokorogwa. Hewa ndogo. Lisha tena maji yakianza kung'aa, si kabla. Hamira ya ziada inaoza na ndoo nzima inaanguka kwa usiku mmoja. Siku ya 5 au ya 7 vuna robo kila siku. Usipovuna wanabanana, wanaacha kuzaa na kutaga mayai magumu meusi.

mwambao_aqua

Yule samaki Nothobranchius guentheri wa Unguja anaangukia wapi? Mayai yake yanakaa kwenye mboji kavu miezi mitatu hivi.

kiota_cha_mapovu

Upande wa atemia. Akitoka kwenye yai anaogelea na kula siku hiyo hiyo, na atemia anamweza. Badala ya mboji ya kuagiza, makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuchemshwa mara mbili hadi maji yasitoe rangi wala chumvi yanafanya kazi hiyo hiyo. Jambo la kupanga ni saa: mayai ya samaki yanaangua ndani ya saa chache baada ya kumwagiwa maji ya nyuzi 18 hadi 20, atemia anataka saa 24. Kwa hiyo chupa ya atemia iwashwe jioni ya leo, mboji imwagiwe maji kesho alfajiri, jioni yake kuna watoto na kuna chakula. Kina cha maji sentimita 3 hadi 5, isizidi, waweze kupanda kujaza kibofu cha hewa. Wasiofanikiwa siku ya kwanza watatambaa chini maisha yao yote.